Kuingiza gari la umeme kutoka nje hadi Dodoma: mwongozo kamili wa forodha, hatua kwa hatua

Simu ninazopigiwa kuhusu magari ya umeme zinafanana mno. Gari limeshuka Dar es Salaam, kodi imetoka kubwa kuliko aliyopigiwa hesabu na muuzaji, wakala hapokei simu, na kila siku inayopita bandarini inaongeza deni. Nikifuatilia, nakuta kosa halikufanyika bandarini. Lilifanyika hapa hapa Dodoma, sebuleni Kisasa au Nkuhungu, usiku, mtu alipotuma hela kwa muuzaji kabla hajajua gari lake linaitwaje mbele ya forodha.

Ndiyo maana mwongozo huu umeelemea hatua za mwanzo. Ukizifanya kwa makini, za bandarini zinabaki kuwa za kufuatilia.

## Vitu vya kuandaa kabla hujatuma hata shilingi

- TIN yako na kitambulisho cha NIDA. Jina kwenye TIN ndilo litakalotumika kwenye kila karatasi, herufi kwa herufi.
- Chesisi namba kamili ya gari unalolitaka, pamoja na picha ya kibati chenye namba hiyo.
- Mwaka wa kutengenezwa. Mwaka wa kusajiliwa ni kitu kingine, na muuzaji hupenda kukupa huo.
- Ukubwa wa betri kwa kilowati-saa, na picha ya dashibodi gari likiwa limewashwa.
- Picha ya tundu la kuchajia, kifuniko kikiwa wazi.
- Ankara ya muuzaji inayotenganisha bei ya gari, nauli ya meli na bima.
- Cheti cha kuuza nje au cha kufutwa usajili kutoka nchi gari linakotoka.
- Barua ya kumpa wakala wa forodha mamlaka ya kukuwakilisha.
- Akiba ya fedha juu ya makadirio ya kodi, itakayotosha tozo za bandari za angalau mwezi mmoja na lori la kulibeba gari hadi Dodoma.

Hati ya shehena, ile mawakala wanayoiita BL, na cheti cha ukaguzi vitakuja baadaye. Hivyo vingine viwe mkononi mwako leo.

## Hatua ya 1: Jua gari lako linaitwaje mbele ya forodha

Forodha haisomi tangazo la muuzaji. Inasoma msimbo wa HS, yaani namba ya kimataifa inayotambulisha aina ya bidhaa, na msimbo ndio unaobeba viwango vyote vya kodi. Kwa magari ya abiria, misimbo unayopaswa kuitofautisha ni hii:

- 8703.80: gari linaloendeshwa na mota ya umeme peke yake.
- 8703.60: lenye injini ya petroli na mota ya umeme, na linachajiwa kwa plagi.
- 8703.40: lenye injini ya petroli na mota ya umeme, lakini halichajiwi kwa plagi.
- 8703.70 na 8703.50: ndugu zao wa dizeli, la plagi na lisilo la plagi.

Pikipiki ya umeme iko kwenye 8711.60, na basi la umeme kwenye 8702.40.

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, na gari linalowaangusha zaidi ni Nissan Note e-Power. Jina lina herufi e, magurudumu yanazungushwa na mota ya umeme, na muuzaji anaandika kwa herufi kubwa kwamba ni la umeme. Fungua boneti: kuna injini ya petroli ya cc 1198 inayozalisha umeme huo. Zunguka gari lote utafute tundu la kuchajia: hakuna. Hiyo ni haibridi, na inatozwa kama haibridi. Vivyo hivyo gari la BYD, kampuni ya China, lenye maandishi DM-i ni haibridi ya plagi, wakati BYD nyingine zinazofanana nalo kwa sura ni za umeme mtupu.

Njia ya kujipima ni rahisi. Muulize muuzaji maswali mawili tu: gari lina tanki la mafuta? Lina tundu la kuchajia? Likikosa tanki na lina tundu, ni 8703.80. Likiwa na vyote viwili, ni haibridi ya plagi. Likiwa na tanki bila tundu, sahau kabisa neno gari la umeme unapopiga hesabu.

Onyo: usikubali wakala akuambie "tutaliandika kama la umeme, litapita." Kutoa tamko la uongo ni kosa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, na jina lililopo kwenye tamko kama mwagizaji ni lako.

Umemaliza hatua hii pale unapoweza kuandika kwenye karatasi msimbo wa gari lako na sababu yake kwa sentensi moja.

## Hatua ya 2: Piga hesabu ya kodi mwenyewe

TRA wana kikokotoo cha magari yaliyotumika kwenye tovuti yao. Unachagua kampuni, modeli, aina ya bodi, mwaka wa kutengenezwa, nchi, aina ya nishati na ukubwa wa injini, nacho kinakuonyesha thamani ambayo TRA wanaitambua pamoja na mchanganuo wa kodi. Kifungue kabla hujaanza kubishana bei na muuzaji.

Zingatia hilo neno thamani. Msingi wa kodi ni CIF, yaani bei ya gari, bima na nauli ya meli hadi Dar es Salaam. Lakini kwa gari lililotumika, TRA hulinganisha ankara yako na thamani walizonazo kwenye mfumo. Kwa hiyo Nissan Leaf, gari la umeme mtupu, iliyochoka betri, ambayo umeipata kwa bei ya kutupa, inaweza kukadiriwa kama mwenzake mwenye betri nzima. Umeokoa kwa muuzaji, ukalipa forodha.

Viwango vya kawaida ni hivi. Ushuru wa forodha kwa gari la abiria lililokamilika, kwa Ushuru wa Pamoja wa Afrika Mashariki, ni 25% ya CIF. VAT ni 18%, nayo inakatwa juu ya jumla ya CIF na ushuru uliokwisha kuongezwa. Kuna ada ya kushughulikia forodha ya 0.6% ya bei ya gari kabla ya nauli na bima, na Tozo ya Maendeleo ya Reli iliyoanza 2015. Ushuru wa bidhaa wa magari hupangwa kwa ukubwa wa injini: hadi cc 1000 ni 0%, kuanzia cc 1001 hadi 2000 ni 5%, na zaidi ya hapo ni 10%.

Kisha kuna kitu ambacho mtaani tunakiita kodi ya uchakavu. Gari dogo lililotumika lenye umri wa miaka 8 hadi 10 linaongezewa 15%, na lililozidi miaka 10 linaongezewa 30%.

Tuchukue mfano wa gari lenye CIF ya shilingi 20,000,000. Naweka kando tozo ndogo na ushuru wa bidhaa wa injini, maana gari la umeme mtupu halina injini ya kupimwa.

Likiwa na umri wa miaka 6: ushuru 5,000,000, VAT juu ya 25,000,000 ni 4,500,000. Jumla 9,500,000.

Likiwa na miaka 9: ushuru 5,000,000, uchakavu 3,750,000, VAT juu ya 28,750,000 ni 5,175,000. Jumla 13,925,000.

Likiwa na miaka 11: ushuru 5,000,000, uchakavu 7,500,000, VAT juu ya 32,500,000 ni 5,850,000. Jumla 18,350,000, karibu bei ya gari lenyewe.

Leaf za mwanzo, zilizoanza kutengenezwa 2010, zinauzwa bei rahisi sana mtandaoni. Sasa unajua kwa nini rafiki yako aliyenunua moja analalamika.

Onyo la kwanza: viwango hubadilika na bajeti ya Juni, na vipya huanza 1 Julai. Gari ulilonunua Mei likifika Julai linatozwa kwa viwango vipya. Ukinunua kuanzia Aprili, fungua tena kikokotoo baada ya hotuba ya bajeti.

Onyo la pili: unafuu wa jirani si wako. Rwanda iliondoa kodi kadhaa kwenye magari ya umeme mwaka 2021, na watu huchukua habari hiyo wakadhani ni ya Jumuiya ya Afrika Mashariki nzima. Nchi mwanachama inaweza kuomba kiwango chake, kikatangazwa kwenye gazeti rasmi la jumuiya kwa nchi hiyo peke yake. Gari lililoingia Kigali bila ushuru, ukilileta Dodoma, litadaiwa ushuru wa Tanzania. Hata la Zanzibar lina hesabu zake kabla ya kuvuka kuja Bara.

Ukimaliza hapa, uwe na karatasi ya mchanganuo wa TRA yenye tarehe. Ihifadhi. Itakufaa sana kwenye hatua ya 7.

## Hatua ya 3: Betri na tundu la kuchajia

Hatua hii haiko kwenye sheria yoyote ya forodha, lakini nimeona magari yaliyolipiwa kodi yote yakageuka mapambo ya uani.

Dashibodi ya Leaf ina mistari 12 midogo pembeni ya kipimo cha chaji. Hiyo ndiyo afya ya betri. Mstari wa kwanza ukipotea, karibu 15% ya uwezo imeshaondoka. Betri ya Leaf ya vizazi viwili vya kwanza haina mfumo wa kupozwa kwa maji, hupozwa na hewa inayopita tu, na jua la Dodoma la Oktoba na Novemba halina huruma nayo. Mimi siwashauri watu walete yenye mistari chini ya 10 huku kwetu. Omba muuzaji akupigie picha ya LeafSpy, programu ya simu inayosoma hali ya betri, si dashibodi pekee, kwa sababu asilimia iliyomo mle ni sahihi zaidi.

Tundu nalo lina lugha yake. Gari la Japani lina Type 1 kwa chaji ya taratibu na CHAdeMO kwa chaji ya haraka. La Ulaya lina Type 2 na CCS2. Lililotengenezwa kwa soko la China lina GB/T. Hayaingiliani bila adapta. Waya wa kuchajia unaokuja na Leaf ya Japani una plagi ya Kijapani ya volti 200, ambayo haiingii kwenye soketi zetu za pini tatu.

Tena, lenye usukani wa kushoto liache huko huko. Sisi tunaendesha kushoto.

## Hatua ya 4: Ukaguzi wa ubora

Gari lililotumika lazima likidhi kiwango cha TZS 698 cha TBS, kinachohusu ubora wa gari kuwa barabarani. Kwa nchi ambako TBS ina wakala wa ukaguzi, gari hukaguliwa kabla ya kupakiwa na hutolewa cheti. Kwingine ukaguzi hufanyika likishafika. Muulize TBS mwenyewe, ofisi ya Dodoma ipo, ukitaja nchi na gari. Usimuulize muuzaji.

Sababu ya kutaka cheti kabla ya meli ni pesa. Gari likifeli Yokohama, muuzaji analitengeneza kwa gharama yake. Likifeli Dar es Salaam, unalitengeneza wewe, huku tozo ya kuhifadhi ikihesabu siku.

Ukipokea cheti, linganisha chesisi namba iliyomo na picha ya kibati uliyoipata mwanzo. Herufi moja ikipishana, rudisha siku hiyo hiyo.

## Hatua ya 5: Malipo, meli na bima

Kwenye ankara na kwenye maelekezo ya meli, jina la mpokeaji liwe kama lilivyo kwenye TIN. Usiweke jina la utani, la biashara isiyosajiliwa, wala la mke wakati TIN ni ya mume. Jina la hati ya shehena likitofautiana na la TIN, manifesti ya meli, yaani orodha ya mizigo yake, inabidi irekebishwe, na kila marekebisho yana ada na foleni yake.

Gari la umeme linahesabiwa na wenye meli kama mzigo hatari wa daraja la 9. Mwambie muuzaji atamke wazi kwamba ni gari la betri ya lithiamu. Akilificha ili apate nauli rahisi, gari linaweza kuachwa bandarini kule, na bima ikakataa kulipa likipatwa na moto baharini. Baadhi ya wenye meli huweka ukomo wa chaji ambayo gari linaruhusiwa kupanda nayo. Muulize amelichaji hadi asilimia ngapi.

Kama unaagiza betri peke yake ya kubadilisha, jua kwamba hiyo ni bidhaa nyingine kabisa: msimbo 8507.60, namba ya hatari UN 3480, na msafirishaji atadai muhtasari wa vipimo vya usalama wa betri vya UN 38.3. Betri iliyoharibika au iliyovimba haisafirishwi kama mzigo wa kawaida. Usimkubalie anayesema ataificha ndani ya buti la gari.

Anayenunua China ana la kuongeza: tangu 1 Januari 2026, China inataka leseni ya kuuza nje kwa magari ya abiria ya umeme mtupu. Omba kuiona kabla ya kulipa. Muuzaji asiye nayo atakuzungusha miezi.

Bima ya shehena ikate kwa kampuni iliyosajiliwa Tanzania, maana sheria ya bima inataka hivyo kwa mizigo inayoingia nchini. Ina faida pia: likitokea la kutokea, unadai ukiwa hapa, kwa Kiswahili.

## Hatua ya 6: Ajiri wakala mapema

Mwananchi wa kawaida hawezi kuingiza tamko kwenye mfumo wa forodha. Lazima apitie wakala mwenye leseni ya TRA, na leseni huhuishwa kila mwaka. Omba kuiona, kisha ithibitishe kwenye orodha ya TRA.

Muulize swali moja la mtihani: "Umewahi kutoa gari la umeme? Kwenye sehemu ya ukubwa wa injini uliandika nini?" Anayejua atajibu bila kusita. Asiyejua ataanza kukuhakikishia.

Kodi usimpe yeye mkononi. Malipo yote ya serikali yanakwenda kwa kumbukumbu namba ya malipo inayoanza na 99, na ukiiingiza kwenye simu au benki inakuonyesha anayelipwa ni nani. Ada ya wakala ilipwe peke yake, kwa makubaliano ya maandishi.

## Hatua ya 7: Tamko, na kisanduku kinachowaponza watu

TRA wanataka tamko liingizwe angalau siku 7 kabla ya meli kufika. Wengi husubiri meli ifunge gati ndipo wamtafute wakala. Sheria inatoa siku 21 tangu meli ianze kushusha mizigo. Ukizipita, mzigo unaweza kupelekwa ghala la forodha, na mwisho wake ni mnada.

Wakala atahitaji ankara, hati ya shehena, cheti cha kuuza nje, cheti cha ukaguzi, bima na barua yako ya mamlaka. Halafu anajaza tamko. Hapa nakuomba usome polepole.

Cheti cha Japani kina kisanduku kimoja kinachobeba vitu viwili: ama ujazo wa injini, ama nguvu ya mota kwa kilowati. Kwa gari la petroli utaona ujazo. Kwa la umeme utaona kilowati kwenye kisanduku hicho hicho.

Leaf yangu ya kwanza ilikwama hapo. Wakala niliyempata kwa kuelekezwa na mtu alinipigia nikiwa kwenye daladala ya Nzuguni.

"Kaka, mfumo unanikatalia cc 85. Niweke ngapi?"

"Hiyo si cc, ni kilowati. Gari halina injini."

"Kila gari lina injini, kaka. Nikuwekee 1500, Nissan nyingi ndogo ni 1500."

Nilishuka kituoni na kumsihi asitume. Alikuwa ameshatuma. Gari la umeme likawa la petroli la cc 1500 kwenye karatasi, msimbo ukaenda na injini hiyo ya kubuni, na makadirio yakaja na ushuru wa bidhaa usionihusu. Kulirekebisha tamko kulikula siku 9, na tozo za bandari za siku hizo nililipa mimi.

Kwa hiyo fanya hivi. Kabla wakala hajabonyeza kutuma, mwambie akutumie picha ya rasimu ya tamko. Angalia mistari mitano: jina na TIN, chesisi namba, msimbo wa HS, aina ya nishati na ukubwa wa injini, mwaka wa kutengenezwa. Mitano tu, dakika kumi. Kama kuna shaka juu ya msimbo, ambatisha karatasi ya mtengenezaji inayoonyesha mota na betri, kwa sababu ofisa anayekadiria halioni gari, anaziona karatasi.

Makadirio yakitoka, yaweke kando ya ule mchanganuo wa hatua ya 2. Tofauti ndogo inaweza kuwa kiwango cha fedha za kigeni. Tofauti kubwa ina sababu: mwaka, msimbo au thamani. Muulize wakala ni mstari gani.

Ukiona umeonewa, una haki ya kuandika kwa Kamishna kuomba mapitio ndani ya siku 30 tangu uamuzi. Eleza kosa, ambatisha ushahidi, taja namba ya tamko. Lugha ya heshima na karatasi zilizopangwa hufanya kazi kuliko kulalamika kwenye kaunta.

Kwa wenye msamaha: mkaazi anayerejea nchini kwa kuhamisha makazi anaweza kupata msamaha kwa gari moja alilolimiliki na kulitumia nje kwa angalau miezi 12. Maombi na vielelezo viwe tayari kabla gari halijafika. Kuomba msamaha wakati gari limeshakaa bandarini ni kulipia uhifadhi huku ukisubiri barua.

Umefaulu hatua hii ukiwa na risiti ya malipo na amri ya kuachia mzigo, vyote vyenye chesisi namba yako.

## Hatua ya 8: Kulitoa bandarini

Wenye meli wanatoa hati ya kukabidhi mzigo baada ya kulipwa gharama zao, bandari inadai tozo zake, na usajili unafanyika kupitia TRA kwa fomu ya MV10. Namba za gari binafsi ni za njano, za biashara ni nyeupe. Kwenye kadi ya gari, hakikisha aina ya nishati imeandikwa umeme. Kadi iliyoandikwa petroli itakusumbua kwa bima, kwa askari barabarani, na siku utakayouza.

Sasa jambo dogo linalowatia watu presha. Gari la umeme lina betri mbili: kubwa ya kuendeshea, na ndogo ya volti 12 ya kuamsha mitambo. Baada ya wiki nyingi melini, ndogo huwa imekufa. Ukibonyeza swichi, taa hazifanyi kitu, na vijana wa bandarini wanasema betri kubwa imeungua. Haijaungua. Mwambie wakala aende na waya za kuamshia au betri ya volti 12 yenye chaji. Ikiamshwa, dashibodi itaonyesha neno READY. Usisubiri mngurumo, hutaupata.

Usikubali livutwe kwa kamba magurudumu ya mbele yakiwa chini. Kwa Leaf, mota iko mbele na inazunguka pamoja nayo. Libebwe mzima mzima.

Kabla ya kusaini kwamba umepokea, angalia waya wa kuchajia upo kwenye buti. Ndicho kitu kinachopotea kuliko redio.

## Hatua ya 9: Dar es Salaam hadi Dodoma

Lipakie kwenye lori la kubebea magari. Najua hamu ya kuliendesha mwenyewe, lakini hesabu haikubali.

Leaf ya 40 kWh, ikiwa mpya kabisa, imepimwa Marekani kwa takriban kilomita 243 kwa chaji moja. Yako si mpya. Dar hadi Morogoro ni kama kilomita 190, utafika umebakiwa na kidogo. Kutoka Morogoro hadi Dodoma ni kama kilomita 260, na barabara inapanda: Morogoro iko kwenye mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, Dodoma inazidi 1,100. Kupanda kunakula betri. Utasimama Gairo au Kibaigwa, usiku, ukiomba soketi dukani kwa mtu.

Mwenye lori akupe maandishi ya hali ya gari wakati wa kupakia, na picha za pande zote nne. Wewe panda treni ya SGR ukalisubiri nyumbani.

## Hatua ya 10: Soketi ya nyumbani

Anza maandalizi haya gari likiwa bado baharini.

Soketi ya ukutani ya kawaida imetengenezwa kwa ampea 13, na si kwa kubeba mzigo mkubwa usiku kucha. Ita fundi umeme mwenye leseni akuvutie laini ya peke yake kutoka ubao mkuu, yenye swichi yake ya kukata na kifaa cha kuzuia umeme kumpiga mtu. Ekstensheni usiitumie hata siku moja.

Athi, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini, ndiyo inayosumbua zaidi hapa kwetu. Chaja nyingi hupima athi kwanza, na zisipoiona hazichaji. Udongo wa Dodoma ukikauka, kuanzia Juni hadi mvua zinaporudi, athi iliyokuwa nzuri Februari inakuwa dhaifu. Kuna mtu wa Ilazo alidhani chaja yake mpya ni mbovu, akataka kuirudisha. Fundi alikuja na kipimo, akapigilia fimbo ya pili ya shaba karibu na bomba la maji ya kuogea, mahali ambapo ardhi haikauki. Taa ya kijani ikawaka jioni hiyo hiyo.

Upande wa LUKU, kama uko daraja la D1 lenye ukomo wa unit 75 kwa mwezi, jiandae kulitoka. Anayekwenda Mtumba kazini na kurudi, kama kilomita 40 kwa siku, kwa siku 22 atatembea karibu kilomita 880. Leaf inakula kama unit 16 kwa kilomita 100, kwa hiyo gari peke yake litakula karibu unit 140. Hata kwa bei ya juu ya unit, linganisha na ulichokuwa unaacha kituo cha mafuta.

Usiku wa kwanza, chaji kwa nusu saa halafu shika plagi kwa mkono. Ikiwa na uvuguvugu, endelea. Ikiwa ya moto kiasi cha kuutoa mkono, zima swichi na mwite fundi kesho yake asubuhi.